Kabla Hujanunua Kopo la Rangi: Historia ya Nyumba Zetu za Mawe



Mfunguo Mosi ukiingia harusi zinafuatana, na kila harusi ina chumba kinachosubiri kutengenezwa. Maharusi wengi wa visiwani hawaanzi maisha kwenye nyumba mpya. Wanapewa ghorofa ya juu ya nyumba ya babu, au vyumba viwili kwa wakwe, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene, boriti darini na mashubaka ukutani. Biharusi anakwenda kuangalia, anarudi na simu imejaa picha: kijivu, dhahabu, karatasi za ukutani zenye maua, dari la jipsamu lenye taa za rangi. Fundi anaitwa, makopo yananunuliwa, mashubaka yanazibwa ili ukuta unyooke.

Masika ya kwanza au ya pili, rangi inaanza kuvimba kama malengelenge. Chini ya ukuta kunatoka unga mweupe wa chumvi. Karatasi inabanduka kona moja, halafu ya pili, na chumba kinanuka ukungu hata ukifukiza udi asubuhi na jioni. Fundi analaumiwa, duka la rangi linalaumiwa, na fedha za harusi zimekwisha.

Sisi tunaoshona mapazia na matandiko ya maharusi tunaingia vyumba hivi kupima madirisha, na tunayaona haya kila mwaka. Tumeona tuandike historia ya rangi katika nyumba zetu, kwa sababu jibu la chumba kile limo ndani yake. Kwa karne nyingi wanawake wa pwani waliuacha ukuta mweupe, na rangi wakaiweka kwenye vitu vinavyohamishika. Walikuwa na sababu.

UKUTA ULIOTOKA BAHARINI

Nyumba ya mawe ya visiwani ni mtoto wa bahari. Mawe yake ni matumbawe, chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa, na boriti zake zimekatwa kwenye mikoko. Ufundi huu ni mkongwe sana. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya mihrabu yake, yenye mwaka wa 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Kilwa na akazitaja nyumba zake nzuri za mawe na chokaa, na milango yake ya mbao iliyofanyiwa kazi ya ustadi.

Chokaa yenyewe ilipikwa. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo kubwa la kuni yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi. Yalipomwagiwa maji yalichemka na kuvunjika yakawa unga. Uji wake uliachwa shimoni wiki nyingi, na kadiri ulivyokaa ndivyo ulivyolainika. Ukichanganywa na mchanga ulikuwa plasta. Ukichujwa ukawa laini kabisa ulikuwa niru, ile chokaa ya kumalizia inayofanya ukuta uwe kama ganda la yai. Ikishapakwa, chokaa huvuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe.

Ukuta wa namna hii hupumua. Matumbawe yana vitundu vingi na hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua. Chokaa huyaacha maji yale yatoke tena kwa nje na kwa ndani, yakaukie hewani. Ukuta unarowa, ukuta unakauka, na nyumba inasimama.

Weupe nao ulikuwa na kazi. Boriti ya mkoko haifiki mbali, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kama mkanda. Madirisha ya nje ni machache kwa ajili ya sitara na jua, na mwanga mwingi unaingia kupitia uwani. Ukuta mweupe ndio uliouchukua mwanga ule mdogo na kuurusha mpaka chumba cha mwisho. Aliyeipaka nyumba chokaa aliiwashia taa.

LAMU: NYUMBA YA BINTI

Maharusi wetu wanapaswa kukijua kisa cha Lamu na Pate, kwani huko nyumba ilikuwa jambo la mwanamke. Katika karne ya 18 miji ile ilitajirika, na familia za waungwana zilijenga nyumba za mawe zenye nakshi za chokaa ambazo mpaka leo watu husafiri kwenda kuziangalia. Desturi yao ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, au sehemu ya nyumba. Asiyekuwa na kiwanja aliongeza ghorofa juu, au akajenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, ili dada na dada, mama na binti, watembeleane bila kushuka mtaani. Mume ndiye aliyehamia.

Chumba cha ndani kabisa, kilichoitwa ndani, kilikuwa cha mama wa nyumba. Huko ndiko kulikokuwa na zidaka: safu juu ya safu za vijishubaka vya chokaa, vimechongwa na kupangwa kwa ulinganifu kutoka chini mpaka juu ya ukuta. Zidaka zilikuwa nyeupe kama ukuta wenyewe. Rangi ilitoka kwenye vyombo vilivyowekwa ndani yake: bakuli na sahani za kauri za Uchina zenye buluu na kijani, na baadaye sahani za Ulaya zenye maua. Mtu akiingia na taa ya mafuta, ukuta mzima ulikuwa unang'aa.

Wako waliosema kuwa kauri zile zinakinga nyumba na hasadi, kwamba jicho baya linatua kwenye sahani badala ya mtu. Sisi kinga yetu tunaijua: ni Suratul Falaq, Suratun Nas na adhkari za asubuhi na jioni. Lakini hesabu ya rangi waliyoiweka bibi zetu wa Lamu tunaweza kuichukua bila wasiwasi. Kitu kimoja cha buluu ndani ya shubaka jeupe kinaonekana kuliko ukuta mzima wa buluu.

UNGUJA YA BIBI SALME

Unguja, karne moja baadaye, tuna shahidi wa kike. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Maisha yake ya ugenini ni kisa kingine na yana majonzi yake. Hapa tunamhitaji kama mtu aliyeishi katika vyumba vile na akavieleza mmoja mmoja.

Anaeleza vyumba vilivyopakwa chokaa, kuta nene zenye mashubaka marefu yanayokwenda mpaka darini. Mashubaka yaligawanywa kwa mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu ya mbao hizo zilipangwa sahani, bilauri na vyombo vya kioo vya thamani, kwa ulinganifu. Kati ya shubaka na shubaka vilitundikwa vioo vikubwa kutoka Ulaya. Picha za watu na wanyama hazikuwepo kwa sababu ya dini, ila saa za ukutani zilipendwa sana. Chini kulikuwa na mikeka na mazulia, na vitanda vya mbao za thamani vilivyotoka India.

Hebu tuuangalie mpango ule wa rangi. Nyeupe ya ukuta. Kijani kidogo cha mbao. Rangi ya mbao iliyoiva ya kitanda na kasha. Halafu rangi zote za dunia kwenye zulia, mito na kauri. Hakuna aliyepaka ukuta mwekundu ingawa rangi nyekundu ilikuwepo.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliongeza yao: milango yenye tao na misumari ya shaba, roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi, na vioo vya rangi juu ya madirisha, ambavyo asubuhi humwaga kijani na nyekundu juu ya ukuta mweupe kisha mchana vikaziondoa. Mwaka 1883 Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lenye nguzo za chuma na sakafu za marumaru. Mapaa ya mabati nayo yakaja kufunika madari bapa ya chokaa yaliyokuwa yakivuja. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba nyumba zetu hazikuwahi kupokea mambo mapya. Zilipokea kila wakati. Lakini vingi katika vipya vile viliwekwa juu ya nyumba au kando yake, na ukuta ukaachwa upumue.

Tuseme na hili pia, maana historia isiyolitaja ina kasoro. Waliovunja matumbawe, waliochoma chokaa, waliotwanga sakafu kwa vibao siku nzima na waliofuta vumbi kwenye kauri zile, wengi wao walikuwa watumwa, na wengi walikuwa wanawake. Biashara ya utumwa ya Unguja ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kwa amri ya 1897. Tunapousifu ukuta laini wa niru, tuikumbuke na mikono iliyousugua bila ujira, na leo tumlipe fundi wetu kabla jasho lake halijakauka.

SARUJI, MIAKA YA MABADILIKO, NA KOPO LA RANGI

Katika karne ya 20 saruji ilienea pwani nzima. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kazi miaka ya 1950, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1966. Saruji haihitaji shimo la kuilaza wiki nyingi. Unanunua mfuko asubuhi, jioni ukuta umesimama mgumu. Pamoja nayo zikaja rangi za mafuta, zinazong'aa, zinazofutika kwa kitambaa. Mama mwenye watoto wadogo na ukuta wa chokaa unaoacha unga kwenye nguo, nani atamlaumu kwa kuzipenda?

Unguja kulikuwa na jambo jingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali na kupangishwa. Nyumba iliyokuwa ya familia moja ikawa na familia tano au sita. Vyumba virefu vikagawanywa kwa kuta za matofali na mbao. Kila mmoja alitengeneza chumba chake, na paa la wote likawa si la mtu. Ile kazi ya kupaka chokaa kabla ya Ramadhani au sikukuu, iliyokuwa ikifanywa na nyumba nzima, ikabaki kwa wachache.

Makosa yakarundikana taratibu. Ukuta wa matumbawe ukifunikwa kwa saruji na rangi ya mafuta unakuwa kama mtu aliyevishwa koti la mvua mchana wa jua kali. Maji yanaendelea kupanda kutoka ardhini, lakini hayana pa kutokea. Yanabeba chumvi, na chumvi ikikaukia chini ya rangi inaisukuma mpaka inapasuka. Maji yasipopata njia hapo yanapanda juu zaidi, yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, na mbao zinaoza mahali ambapo hakuna anayeona. Rangi inaonekana nzuri, na nyumba inaumwa ndani kwa ndani.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Mji wa Kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Hata hivyo nyumba zimeendelea kuanguka, hasa nyakati za mvua kubwa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Hatusemi kwamba rangi ndiyo iliyoliangusha jumba lile. Tunasema kwamba nyumba ya mawe ni kitu kizito juu ya vichwa vya watu, na anayeigusa ukuta wake anagusa amana.

BIBI AISHA NA PAZIA

Kabla ya kuingia kwenye uchaguzi, tumtazame mama yetu, Bibi Aisha, Allah amridhie. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alirudi safari akakuta ametundika pazia lenye picha, akaliondoa. Katika mapokezi ya Imam Muslim, Mtume alimfahamisha kwamba hatukuamrishwa na Allah kuyavisha mavazi mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata kitambaa kile akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo.

Imam Nawawi, wa madhehebu ya Shafi inayofuatwa na wengi wetu, ameeleza kwamba kuvisha kuta ni makuruhu na haifiki kuwa haramu. Basi hatumtii mtu dhambini kwa karatasi ya maua. Lakini sisi mafundi wa nguo tunakiona kisa hiki kwa jicho la mkasi. Kitambaa kilitoka ukutani kikaenda kwenye mto. Uzuri haukutupwa, ulihamishwa mahali unapotumika, pa kuegemea na kupumzika. Bibi zetu wa pwani walifanya hivyo hivyo nyumba zima.

Pia kuna suala la mali. Katika sheria yetu mali ya mke ni ya mke. Mahari yako, kasha lako, zulia ulilolinunua, mapazia uliyoshona, ni yako popote utakapokuwa. Fedha uliyoipaka kwenye ukuta wa nyumba ya wakwe inabaki kwenye ukuta wa wakwe. Binti wa Lamu alipamba ndani yake akijua nyumba imeandikwa kwake. Wewe jiulize nyumba hii ni ya nani, halafu uamue fedha ngapi ziende kwenye kuta na ngapi ziende kwenye vitu vyako. Hakuna ubaya wowote kuuliza hili kabla ya harusi, kwa adabu, kupitia kwa mama au shangazi.

BASI TUCHAGUE NINI LEO?

Anza kwa kuujua ukuta. Ukwaruze kwa msumari mahali pasipoonekana. Ukitoa unga mweupe laini, ni chokaa, na mshukuru Allah. Ukiwa wa kijivu na mgumu, ni saruji. Ukikuta ngozi inayobanduka kama plastiki, ni rangi ya mafuta au ya plastiki.

Ukuta wa chokaa unataka chokaa. Upigwe brashi vumbi litoke, urowanishwe maji, kisha upakwe chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au zaidi, ukisubiri siku moja kati ya mkono na mkono. Usishtuke ukiona siku ya kwanza haifuniki. Chokaa mbichi inaonekana kama maji, weupe wake unakuja ikikauka. Chokaa inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo fundi avae miwani na glavu, na watoto wasikaribie ndoo.

Penye rangi ya mafuta, lazima ikwanguliwe kwanza, maana chokaa haishiki juu yake. Penye saruji, usikubali ibomolewe yote kwa siku moja. Tafuta mwashi aliyezoea nyumba za mawe, aanze sehemu ya chini ambako unyevu unapanda, na aende kwa awamu. Kama nyumba iko Mji Mkongwe, pitieni Mamlaka mpate ruhusa kabla ya kugusa kitu.

Unataka rangi na si weupe mtupu? Chokaa inapokea rangi za udongo. Udongo wa manjano unatoa krimu yenye joto, udongo mwekundu unatoa waridi la machweo, nili kidogo inatoa ile buluu hafifu ambayo wengi wetu tumeiona kwenye nyumba za wazee. Hata kijivu cha kwenye simu kinapatikana kwa unga wa makaa uliosagwa vizuri. Rangi ikikauka inapauka sana, kwa hiyo paka kipande cha ukubwa wa msala, kiangalie asubuhi, alasiri na usiku kwa taa, ndipo uamue. Chumba chenye mwanga wa uwani tu kipe krimu au nyeupe. Buluu na kijivu viache kwa chumba cha juu chenye jua, chini vitakitia giza.

Boriti usizifiche. Dari la jipsamu linapendeza siku ya harusi, lakini chini yake huoni mchwa wala uozo mpaka siku ubao unapoanguka. Boriti zilizokwanguliwa na kupakwa rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva, na nafasi kati yake zikapakwa chokaa nyeupe, ni pambo lisilohitaji taa za rangi. Vichwa vya boriti vinavyoingia ukutani vichunguzwe na seremala kabla ya kupaka chochote.

Mlango wa kuchonga usipakwe rangi nyingine juu ya rangi. Rangi kuukuu itolewe taratibu bila moto, kisha mbao zipewe mafuta ya kitani. Misumari ya shaba isuguliwe kwa ukwaju au ndimu, isuuzwe na ikaushwe. Kama kizingiti cha juu kina aya ya Qur'ani, mafundi waambiwe mapema, wasiikanyagie ngazi wala kuitundikia ndoo.

Sakafu ya ghorofani haitaki taili nzito juu ya boriti za zamani. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi na zulia juu yake vinatosha, na vinatoka nje kuanikwa. Msalani na jikoni, ambako maji hayana budi, taili ziishie pale maji yanaporuka, ukuta wa juu uachwe wazi.

Mashubaka msiyazibe, tunakuombeni. Ndiyo mapambo ambayo tayari yamelipiwa. Weka mbao mbili zilizopakwa kijani kama za kina Bibi Salme, juu kabisa msahafu, chini yake mrashi na chetezo, halafu sahani mbili tatu za bibi yako. Acha shubaka moja tupu. Jicho nalo linataka pa kupumzika.

Baada ya hapo ndipo kitambaa kiingie, na hapa usione choyo cha rangi. Chagua rangi kuu moja, ya pili ya kuifuata, na ya tatu kidogo sana. Nili, nyeupe na dhahabu kidogo. Kijani kilichoiva, krimu na rangi ya shaba. Nyekundu ya damu ya mzee, rangi ya mbao na buluu kidogo. Rangi kuu iende kwenye mapazia na tandiko la kitanda, ya pili kwenye foronya, ya tatu kwenye mshono wa pembeni na mto mmoja. Tumia pamba au kitani, kinapitisha hewa, kuliko vitambaa vizito vya plastiki vinavyofungia unyevu dirishani. Kabati na kitanda visiegemee ukuta, viache nafasi ya shibri moja hewa ipite nyuma yake. Ukichoka na rangi, unabadilisha foronya siku moja, na ukuta wako uko vilevile.

MAVYAA NA KOPO LA KIJIVU

Tunajua mahali penye ugumu. Mara nyingi mama wa nyumba anataka chokaa kama alivyoikuta, na biharusi anataka chumba cha kisasa, na kila mmoja anaona anadharauliwa. Mavyaa anaijua nyumba ile. Anajua ukuta upi unarowa mwezi wa nne na boriti ipi ilibadilishwa. Biharusi naye ana haki ya kuingia chumba kinachomfurahisha yeye na mumewe. Kwa mpango huu wa zamani wote wawili wanapata: ukuta unafuata nyumba, kitambaa kinamfuata biharusi. Mwanzo mzuri ni kumwendea na kumuuliza, "Mama, chumba hiki zamani kilikuwa rangi gani?" Swali hilo limewahi kufungua makasha yaliyofungwa miaka, yakatoka mashuka ya lesi na sahani ambazo hakuna duka linalouza.

Dini yetu imetukataza israfu na haikutukataza uzuri. Ukuta unaopakwa upya kila masika kwa sababu umezibwa pumzi ni israfu, hata kama kila kopo lilinunuliwa kwa punguzo. Ukuta unaopumua, uliopakwa chokaa kabla ya Ramadhani na kuachwa, utawakuta na wajukuu wetu, inshaallah.

Allah awabarikie maharusi wetu, azijaze nyumba zao sakina na mapenzi, na azisimamishe kuta zao. Wabillahi tawfiq.